SIKU MWEZI ULIPOTUA NA WATU WAKATUA NAO

Gazeti ni kitu cha ajabu. Asubuhi watu huligombania kama mkate wa moto. Adhuhuri hukunjwa likafanywa kipepeo. Na likifika magharibi, limo mikononi mwa muuza viazi karai, limelowa mafuta, na kile kichwa cha habari kilichotutisha kutwa nzima kimegeuka kitu cha kufutia vidole. Wala hakuna alilaumuye. Lakini gazeti likijaaliwa kuokoka na mafuta, likakaa kabatini miaka hamsini na ziada, hupata hadhi ya pili ambayo pengine yaishinda ile ya kwanza. Huanza kuchekesha.

Sisemi haya kwa kuwakejeli waandishi waliotutangulia. Aandikaye kila siku hana budi kukosea baadhi ya siku, na mimi nami kalamu yangu yaandika papo hapo ilipo. Ninalosema ni kuwa kichwa cha habari ni kama bwana arusi: siku yake ikifika hutukuzwa, akapewa kiti cha mbele, na kila mtu akamtazama yeye tu. Ukitaka kumjua hasa ni mtu gani, ngoja kwanza harusi ipite.

Basi nilijitengea kutwa nzima nikapekua habari za siku moja tu: Jumatatu, tarehe 21 Julai, mwaka 1969. Msomaji wa makamo yangu hahitaji kuambiwa ni siku gani hiyo. Kwa vijana nitasema: ndiyo siku dunia ilipoamka ikaambiwa kwamba wanaadamu wawili, Neil Armstrong na Buzz Aldrin, raia wa Marekani, wamekanyaga mwezi kwa miguu yao, na mwenzao wa tatu, Michael Collins, yuko juu yao akiuzunguka kwa chombo, akiwangoja kama dereva wa teksi.

KIJANA WETU NEIL

Gazeti la New York Times lilitoa herufi kubwa kupita kawaida yake, likaandika maneno machache tu: Watu Watembea Mwezini. Lile la Washington Post likaanza na yale maneno ya Armstrong mwenyewe, kwamba Tai ametua, kwani "Tai" ndilo jina walilokipa chombo chao.

Lakini kilichonichekesha zaidi ni gazeti la mji mdogo uitwao Wapakoneta, katika jimbo la Ohio, ambako Armstrong alizaliwa. Wao hawakuandika "watu," wala hawakuandika "Wamarekani." Waliandika: Neil Akanyaga Mwezi. Basi, Neil! Hakuna jina la baba wala la ukoo. Ni kama Lamu ingekuwa na gazeti lake, kisha likaandika SHEE APANDA MWEZINI, na pasiwe na haja ya kueleza ni Shee gani, maana kutoka Mkomani hadi Langoni kila mtu yuajua ni mtoto wa nani, alisoma chuo gani, na ni nani anayemdai.

Jambo jingine lililonipendeza ni kwamba New York Times siku ile lilitia shairi katika ukurasa wa kwanza. Naam, shairi, lililotungwa na Archibald MacLeish. Wahariri waliona kwamba habari nyingine ni kubwa mno kwa nathari peke yake. Hapo nikawakumbuka malenga wetu wa Pwani, ambao miaka yote hutuma tungo zao magazetini wakaambiwa wangoje nafasi ukurasa wa ndani, baina ya barua za wasomaji na matangazo ya vifo. Kumbe linalohitajika ni mtu kupanda mwezini tu!

SAA ZETU NA SAA ZAO

Magazeti ya Marekani yasema watu walitua Jumapili, tarehe 20 Julai. Kwao ni kweli. Kwa saa za Afrika ya Mashariki, Tai alitua saa 5 na dakika 17 za usiku wa kuamkia Jumatatu. Na kwa hesabu ya wazee wetu, ambao siku yao huanza jua likizama, sisi tulikuwa tumeshaingia Jumatatu tangu adhana ya magharibi. Armstrong mwenyewe alipoteremsha mguu wake kwenye vumbi la mwezi, huku kwetu ilikuwa saa 12 kasoro dakika 4 alfajiri. Watu wa Mombasa walikuwa wametoka kusali, wengine wakiwa njiani kutafuta mahamri na mbaazi.

Televisheni ya kutuonyesha mambo hayo papo hapo haikuwako, kwani kituo cha setilaiti cha Longonot kilifunguliwa mwaka 1970. Tulikuwa na redio, na penye redio hapakosi baraza. Mwezi wenyewe ulikuwa mchanga, mwezi wa Mfungo Nane, mwaka 1389 Hijria, siku zake hazijatimia saba. Mwezi wa namna hiyo haukai usiku kucha. Huonekana magharibi, ukazama kabla ya watu wengi kupata usingizi wa pili.

Nakumbuka mzee mmoja wa baraza letu, ambaye sisi vijana tulimwita Ami, aliniita nikampa habari nilizozisikia redioni.

"Wasema watu wako juu ya mwezi saa hii?" akaniuliza.

"Naam, Ami. Chombo kimetua."

"Na huo mwezi uko wapi?"

Nikatazama juu. "Umeshatua, Ami."

"Basi na hao watu nao wametua. Waambie wenyewe wakawatafute baharini."

Baraza zima likaangua kicheko, nami nikanywea. Lakini tarehe 24 Julai redio ikatangaza kwamba wale mabwana watatu wamerudi salama, chombo chao kimeanguka katika bahari ya Pasifiki, na manowari imekwenda kuwaokota. Ami hakusema neno. Alinitazama tu, akapiga funda la kahawa.

RADHI ILIYOCHUKUA MIAKA 49

Katika habari zote za juma lile, nzuri kupita zote si ya tarehe 21. Ilitokea siku nne nyuma, tarehe 17 Julai, siku ya pili baada ya roketi kuruka, nayo ilikuwa ndogo kiasi cha kuweza kufunikwa na kiganja.

Kisa chake ni hiki. Tarehe 13 Januari, mwaka 1920, New York Times lilichapisha tahariri ya kumcheka bwana mmoja mtaalamu, Robert Goddard, aliyekuwa akisema roketi yaweza kusafiri hata kufika mwezini. Mwandishi wa tahariri akasema haiwezekani, kwa kuwa huko juu hakuna hewa ya kusukumana nayo. Akaongeza kuwa Profesa Goddard yaelekea hana ilimu ambayo watoto wa sekondari hufundishwa kila siku. Ndivyo alivyoandika, msomaji! Goddard akanyamaza akaendelea na kazi yake. Mwaka 1926 akarusha roketi ya kwanza duniani itumiayo mafuta ya maji. Mwaka 1945 akafariki.

Sasa, mwaka 1969, roketi ikiwa imeshatoka ndani ya hewa na kuingia penye utupu, gazeti likachapisha masahihisho. Likasema, kwa ufupi, kwamba sasa imethibiti kuwa roketi yaweza kufanya kazi mahali pasipo hewa, na kuwa gazeti lasikitika kwa kosa hilo.

Radhi hiyo ilichukua miaka 49, na mwenye kuombwa radhi yuko kaburini karibu miaka 24. Hata hivyo mimi nawavulia kofia. Nimeyajua magazeti, na nimewajua watu, ambao hata roketi ingepita juu ya mapaa yao wangesema ni ndege tu. Kukiri kosa baada ya miaka 49 ni kuchelewa, lakini ni bora kuliko kutokiri milele. Na ukipima uzito, kale kajihabari kadogo ka masahihisho kana faida kwa msomaji kuliko zile herufi kubwa za Jumatatu. Maana kila mtu aliona kwamba roketi imefika, bali si kila mtu aliyejua ni nani aliyechekwa kwa kusema itafika.

YALIYOFUNIKWA NA KIVULI CHA MWEZI

Ikiwa kichwa kimoja kimechukua ukurasa mzima, habari nyingine hukaa wapi? Hujibanza pembeni kama wageni waliokuja harusini bila mwaliko.

Usiku wa tarehe 18 Julai gari la Seneta Edward Kennedy lilitumbukia majini katika kisiwa cha Chappaquiddick, na mwanamke kijana aliyekuwamo akafa. Siku nyingine yoyote habari hiyo ingeula ukurasa wote. Huko Ufaransa, tarehe 20 Julai, Mbelgiji Eddy Merckx alishinda mashindano makubwa ya baiskeli ya Tour de France kwa mara yake ya kwanza. Maskini Merckx! Amenyonga baiskeli majuma matatu, kapanda milima na kuteremka, na siku anapofika Paris akapata kwamba kuna watu waliofika mbali zaidi bila kunyonga.

Na Warusi je? Wao walikuwa na chombo chao kisicho na mtu, Luna 15, kikizunguka mwezi siku hizo hizo, kwa nia ya kuteka mchanga na kuurudisha nyumbani. Tarehe 21 Julai, saa chache kabla ya Armstrong na Aldrin kuondoka, kikajaribu kutua, kikajibamiza juu ya mwezi kikavunjika. Ndivyo yawavyo mashindano ya majirani: huyu akileta kabati, yule atabeba friji kwa mkopo, ikamwangukia ngazini.

Hapa Kenya vichwa vya habari vya Julai ile vilikuwa na uzito wao wenyewe. Tom Mboya alikuwa ameuawa kwa risasi jijini Nairobi tarehe 5, na nchi ilikuwa bado ina majonzi. Wengi wetu tulizisikiliza habari za mwezi kwa sikio moja. Hilo nalo ni somo: mwezi mmoja huangaza dunia nzima, lakini kila nyumba huutazama kwa dirisha lake.

TIKETI ZA MWEZINI

Kinachochekesha kupita yote katika magazeti ya zamani ni pale yanapotabiri. Makamu wa Rais wa Marekani, Spiro Agnew, alisema roketi iliporuka kwamba watu wafike sayari ya Mars kabla ya karne kwisha. Karne ilikwisha, tukaingia nyingine, na Mars hakuna aliyetia mguu. Hata mwezini penyewe walifika watu 12 tu kwa jumla, na wa mwisho wao aliondoka Disemba 1972. Tangu hapo hakuna aliyeukanyaga tena.

Kampuni ya ndege ya Pan Am nayo ilikuwa ikiandikisha majina ya watu watakao kusafiri kwenda mwezini. Hadi ilipofunga daftari mwaka 1971, majina yalizidi 93,000. Hakuna aliyelipa kitu, walipewa kadi tu. Mwaka 1991 kampuni yenyewe ikafa, na mwezi ungali pale pale. Nafikiri miongoni mwa hao 93,000 yupo aliyeihifadhi kadi yake vizuri hadi leo, kama wengine wetu tuhifadhivyo risiti za viwanja tusivyowahi kuonyeshwa.

Yupo pia Mwingereza mmoja aliyeweka pauni 10 mwaka 1964, akasema mtu atatembea mwezini kabla ya 1971. Wachezeshaji wakamcheka, wakampa elfu kwa moja. Mwaka 1969 wakamlipa pauni 10,000 huku wakitabasamu kwa taabu. Kamari ni haramu, na mimi simsifu. Nasema tu kwamba huyu mcheza kamari alikuwa na imani na Profesa Goddard kuliko wahariri wa 1920.

Na yale waliyoyatangaza wakubwa? Rais Nixon alipowapokea wanaanga manowarini tarehe 24 Julai alisema hilo lilikuwa juma kubwa kupita yote tangu kuumbwa kwa ulimwengu. Hata wahubiri wa dini yake waliona ameruka mbali kuliko roketi. Mwezi wenyewe, ambao ulikuwako tangu huko kuumbwa, haukusema kitu.

Hali huyo huyo Nixon alikuwa amewekewa hotuba nyingine mezani, iliyoandikwa na William Safire tarehe 18 Julai, ya kusomwa ikiwa Armstrong na Aldrin watashindwa kuondoka mwezini. Hotuba ya tanzia, imeshapigwa taipu na wenyewe wako hai! Siri hiyo haikujulikana hadharani mpaka mwaka 1999. Hapo ndipo kicheko kilipoganda mdomoni mwangu. Zile herufi kubwa za Jumatatu zilikuwa zimekaribia sana kuwa herufi nyingine.

FORODHANI

Nirudi kwenye kicheko. Jee, mwajua kwamba wanaanga wale walipofikishwa Honolulu walitiliwa saini fomu ya forodha? Safari: Apollo 11. Watokako: mwezini. Mizigo: mawe ya mwezi na vumbi la mwezi. Palipoulizwa kama wamebeba ugonjwa wowote wa kuambukiza, pakajazwa kwamba hilo bado litachunguzwa. Wao wenyewe walikuwa wamefungiwa karantini. Aliyewahi kusimama bandarini na sanduku moja la nguo akiulizwa maswali kutwa nzima atafurahi kujua kwamba hata atokaye mwezini hapiti hivi hivi.

Tena Aldrin, kwa kuwa alikuwa askari wa jeshi la anga, alijaza hati ya kudai gharama za safari. Alilipwa dola 33 na senti 31. Makarani mnaosoma ukurasa huu, mkinung'unikia posho zenu, kumbukeni kwamba kuna mtu alikwenda mwezini akarudi kwa chini ya dola 34.

PWANI NAYO ILIKUWAMO

Msidhani kuwa sisi tulikuwa watazamaji tu. Tangu mwaka 1960 Wamarekani walikuwa na kituo kisiwani Unguja cha kufuatia vyombo vyao vya angani. John Glenn alipoizunguka dunia tarehe 20 Februari, 1962, aliongea na kituo hicho cha Zanzibar kwa redio alipopita juu ya pwani yetu. Wako waliokishuku, wakasema ni ngome ya makombora, na baada ya Mapinduzi ya 1964 kikafungwa.

Na huku kwetu, Ngomeni karibu na Malindi, Wataliano walisimamisha jukwaa la San Marco baharini, na mwaka 1967 likarusha setilaiti yake ya kwanza. Tarehe 12 Disemba, 1970, siku ya sikukuu ya Uhuru wa Kenya, pakarushwa setilaiti ya Wamarekani ya kuchunguza nyota, ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Kumbe lugha yetu imepanda angani kabla ya wengi wenye kuidharau hawajapanda hata ndege.

ADHANA YA MWEZINI

Sasa nafika kwenye kichwa cha habari kituhusucho sisi hasa. Miaka michache baadaye, habari ilienea kutoka Indonesia na Malaysia hadi Misri, nayo ikafika barazani kwetu: Armstrong alisikia sauti ngeni mwezini, akaja kuisikia tena Misri, akaambiwa ni adhana, akasilimu, sasa yuaishi Lebanon. Ilisimuliwa kwa yakini hata ukiuliza ushahidi waonekana wewe ndiwe mwenye imani haba.

Ukweli ni kwamba mwaka 1983 serikali ya Marekani ililazimika kuziandikia balozi zake zieleze kuwa Bwana Armstrong hakusilimu, wala hana nia ya kumvunjia heshima yeyote kwa kusema hivyo. Na hiyo Lebanon? Alikuwa akiishi Lebanon kweli, ila ni mji wa Lebanon uliomo Ohio! Alikaa na uvumi huo mpaka alipofariki mwaka 2012.

Mimi nilipoujua ukweli sikuhuzunika. Dini yetu haikungoja roketi, wala haipungui kwa kukosa sahihi ya mwanaanga. Nilichohuzunikia ni kwamba sisi ndio tulioamrishwa kuhakikisha habari kabla ya kuipokea, na hii tuliipokea kwa mikono miwili kwa kuwa ilitupendeza. New York Times lilimkanusha Goddard kwa kuwa halikupenda alilosema. Sisi tulimsilimisha Armstrong kwa kuwa tulipenda. Ni kosa moja lenye nguo mbili. Tofauti ni kuwa wao walichapisha masahihisho, nasi wangali wako wanaoisimulia.

Na mwezi? Juni 1985 Mwanamfalme Sultan bin Salman wa Saudia alipanda angani kwa chombo cha Discovery, Ramadhani ya 1405 ikiwa ukingoni, na Idi ikamkuta huko huko juu. Watu wamekanyaga mwezi, Mwislamu amefunga na kufungua akiwa angani, na bado kila mwisho wa Shaabani na kila mwisho wa Ramadhani mtaa mmoja hufunga na mtaa wa pili hula. Mke yuapika uji na mumewe yuangoja ushahidi wa Lamu. Mawe ya mwezi yamepimwa mpaka kilo na gramu, na sisi swali letu bado ni lile lile la mababu: je, umeandama?

Kwa hivyo mwaka ujao mtu akija mbio barazani kwenu na habari kubwa, iwe ya mwezi au ya chini yake, mwachieni nafasi akae, mpeni kahawa, kisha mumwulize taratibu: nani aliyeuona, wapi, na saa ngapi?